Manyoya, chozi na vipepeo wa uani

Katika nyua za maeneo ya Baraka na Fizi, manyoya bora ya mapambo ni ya jogoo, bata na kanga waliochinjwa nyumbani. Ya ndege aliyekufa kwa ugonjwa wa mdondo hufukiwa, wala hayaguswi kwa mkono mtupu. Manyoya huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, husuuzwa, kisha huanikwa kivulini, mbali na upepo wa Ziwa Tanganyika. Unyoya uliopinda hushikwa juu ya mvuke wa sufuria na kupapaswa kwa vidole kutoka shinani hadi nchani, nao hunyooka. Ya kasuku wa kijivu yaachwe kabisa: biashara ya kimataifa ya kasuku huyo wa porini imepigwa marufuku tangu 2017.

Uani humo huja pia ndege hai na vipepeo. Ndege aitwaye chozi hufuata maua yenye nekta, hasa mekundu. Mlimau au mchungwa huleta kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano. Hutaga kwenye majani machanga, na kiwavi wake mdogo hufanana na kinyesi cha ndege, hivyo hasumbuliwi sana. Mti uliokomaa haufi kwa majani machache anayokula kiwavi huyo, hivyo usipuliziwe dawa.