SOMO LETU: JUMAPILI YA MENGO, 1892



Kila mwaka tarehe 3 Juni tunawakumbuka Mashahidi wa Uganda. Watoto wetu wanajua kuwa pale Namugongo mwaka 1886 Waanglikana na Wakatoliki walichomwa moto pamoja kwa amri ya Kabaka Mwanga. Lakini ukiwauliza kilichotokea tarehe 24 Januari 1892, hawana jibu, na wazazi wao pia hawana. Hata mimi nilipokuwa chuo cha ualimu jambo hili lilipitwa kwa sentensi moja. Basi leo tulisome vizuri, maana linatuhusu sisi wa Kagera kuliko tunavyodhani.

Tukisikia vita vya msalaba tunafikiri Yerusalemu na Waturuki, na wapanda farasi waliovaa chuma. Ni kweli, ila mwaka 1204 watu wa msalaba hawakufika Yerusalemu kabisa: waliuvamia Konstantinopoli, mji wa Wakristo wenzao, wakaupora na makanisa yake. Vita vya Mengo ni vya namna hiyo ya pili.

Baada ya mateso ya 1886 wasomi wa Buganda, yaani wale waliosoma dini, walishika bunduki. Mwaka 1888 Wakristo na Waislamu walimwondoa Mwanga. Haukupita muda Waislamu wakawafukuza Wakristo, nao wakakimbilia upande wa Ankole. Wakatoliki na Waprotestanti walipigana bega kwa bega mpaka wakamrudisha Mwanga mwaka 1890. Ndipo wakagawana vyeo, nusu kwa nusu. Waliitwa Wafransa na Wangereza, kwa sababu ya mapadre na wamisionari wao, ingawa wote walikuwa Waganda, mara nyingi wa ukoo mmoja. Apolo Kaggwa, Mprotestanti, akawa Katikiro. Kila cheo kikawa ugomvi, maana mwenye cheo alikuwa na mashamba na watu.

Desemba 1890 akafika Kapteni Lugard wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki, akajenga boma kwenye kilima cha Kampala. Chukueni kijiti, chora vumbini vilima vinne: Kampala penye boma, Mengo kwa Kabaka, Rubaga kwa Askofu Hirth na Wakatoliki, Namirembe kwa Waanglikana. Mtu akipaza sauti kilima kimoja, karibu asikike cha pili. Katikati ni mabonde yenye migomba, kama huku kwetu. Anayejua migomba anajua kwamba ndani yake huoni mtu wa hatua thelathini.

Siku ya Ijumaa, 22 Januari 1892, Mprotestanti mmoja aliuawa na Mkatoliki kwa ugomvi wa bunduki. Mwanga alihukumu kwamba muuaji alijitetea, kwa kuwa yule aliingia nyumbani kwake kwa nguvu. Lugard hakukubali, akataka mtu huyo auawe. Kabaka akakataa. Hapo Lugard akafungua ghala lake na kuwapa Waprotestanti bunduki, mamia kadhaa, zikiwemo Snider. Mimi naona hukumu ya vita ilipitishwa usiku ule wa kugawa bunduki, kabla risasi haijalia. Mjini Wakatoliki walikuwa wengi zaidi, lakini wingi haukuwafaa kitu.

Nieleze silaha kidogo. Wengi walikuwa na magobore: unamimina baruti mdomoni mwa mtutu, unashindilia, unaweka risasi na fataki, unafyatua mara moja, unaanza upya. Snider hujazwa kwa nyuma, ni ya haraka zaidi, lakini nayo hutoa risasi moja moja. Bomani kulikuwa na bunduki mbili za Maxim. Hii risasi zake zimepangwa kwenye mkanda wa kitambaa. Nguvu ya risasi inayotoka ndiyo inayotupa ganda na kuingiza nyingine, na maji yaliyouzunguka mtutu huupoza. Kwa dakika moja hutoa risasi mia tano au zaidi. Moja kati ya hizo mbili ilikuwa kuukuu, ilikwisha kupita barani na Stanley.

Jumapili ikalia ngoma ya vita. Wakatoliki wakateremka na bendera zao, Waprotestanti wakawakabili mabondeni, na mwanzoni Waprotestanti wakasukumwa nyuma. Maxim zikaanza kupiga kutoka juu ya kilima cha Kampala kwenye migomba. Aliyekuwa bondeni hakumwona aliyempiga, wala gobore lake lisingemfikia. Kisha Kapteni Williams akateremka na askari wa boma, Wasudani wakiwemo, na safu za Wakatoliki zikavunjika. Kanisa la Rubaga likachomwa moto. Askofu Hirth na mapadre wakachukuliwa bomani.

Katika waliokufa upande wetu alikuwako Sembera Mackay. Yeye alikuwa mmoja wa watano wa kwanza kubatizwa na wamisionari wa CMS huko Buganda, tarehe 18 Machi 1882, na mwaka 1891 Askofu Tucker alimpa kibali cha kuhubiri. Alinusurika moto wa Mwanga, akaja kufa kwa risasi ya Mkristo.

Mwanga alikimbilia kisiwa cha Bulingugwe. Tarehe 30 Januari Williams alikifuata na Maxim. Watu walijaa kwenye mitumbwi, wanawake na watoto wamo, mitumbwi ikapinduka. Mapadre walitaja idadi kubwa ya waliozama, Lugard akataja ndogo; mimi sitachagua. Serikali ya Kiingereza ilimwagiza Kapteni Macdonald achunguze, na taarifa yake ilimlaumu Lugard. Baadaye Uingereza iliwalipa mapadre fidia ya paundi 10,000. Waganda waliochomewa nyumba hawakuhesabiwa katika fedha hizo.

Sasa tazameni ramani ya ziwa. Kutoka Bulingugwe wakimbizi walishuka Sese na Buddu, wengine wakavuka hadi upande wa Wadachi. Mwanga mwenyewe alifika Kiziba kabla ya kurudi Mengo mwishoni mwa Machi. Kwa mkataba wa Aprili 1892 Wakatoliki wakapewa Buddu. Askofu Hirth akaja Bukoba, na mwaka huohuo 1892 misheni ya Kashozi ikaanzishwa. Kwa hiyo majirani zetu Wakatoliki, ambao hospitali yao hapa Kagondo imewatibu wengi wetu, wana mwanzo wao katika mkoa huu kwa sababu sisi tuliwafukuza kule.

Nasema sisi makusudi. Nilipokuwa mtoto, mwalimu mmoja wa dini alitufundisha kwamba Mungu alitupa ushindi Mengo kama alivyompa Gideoni. Nilimwamini kwa miaka mingi. Gideoni hakuwa na Maxim.

Kwa mazungumzo ya Jumatano, someni kwanza Luka 9, mstari wa 51 hadi 56, kisha tujibu haya: Je, Kaggwa angeweza kuzikataa bunduki za Lugard, na ingempasa kufanya nini? Kwa nini tarehe 3 Juni ina ibada, na 24 Januari haina? Nimemwomba katekista wa Kikatoliki aje kukaa nasi, naye amekubali. Wazee mliosikia habari za wakimbizi wa Buddu kutoka kwa babu zenu, njooni nazo.