Kazi Ikiisha Ugenini, Kibali Nacho Kiko Mashakani

SOMO LA KIKUNDI



Safari hii tunajifunza jambo linalogusa boma nyingi hapa Misikhu, na kote kuanzia Bungoma mpaka Kitale. Vijana wetu, hasa wasichana, wanaenda kutafuta kazi Saudia, Qatar, Kuwait na Falme za Kiarabu. Vikundi vinawakopesha, na wazazi wengine wanaweka hati ya shamba rehani. Lakini ni wachache wanaouliza swali hili: kazi ikiisha huko, ataruhusiwa kukaa?

LENGO: Mwisho wa somo kila mwanakikundi aweze kueleza tofauti ya pasipoti na kibali cha kuishi, na kikundi kijue la kufanya simu ya taabu ikipigwa.

1. Jambo lenyewe si geni

Wazee wetu wanakumbuka mwaka wa 1970. Serikali ya Rais Obote wa Uganda iliamuru wageni wasio na ujuzi maalumu waachishwe kazi, na maelfu ya Wakenya wakarudi nyumbani. Walipokosa kazi, walikosa na mahali pa kukaa.

Hata hapa kwetu, Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 inampa mgeni kibali cha kazi iliyotajwa. Hawezi kuhamia kwa tajiri mwingine vivi hivi. Kwa hiyo tusidhani ni Waarabu tu wenye sheria ya namna hii.

2. Pasipoti na iqama

Pasipoti inasema wewe ni Mkenya. Iqama, yaani kibali cha kuishi, inasema unaruhusiwa kukaa kwao. Mtu anaweza kuwa na pasipoti ya miaka kumi na bado awe kinyume cha sheria, kwa sababu iqama yake imekufa.

Chini ya utaratibu unaoitwa kafala, anayesimamia kibali hicho ni mwajiri. Mfikirie kibarua wa shamba kubwa kule Trans Nzoia anayelala katika nyumba ya tajiri. Siku anayofutwa, mshahara umeenda na nyumba imeenda. Lakini huyo atapanda matatu arudi kwao. Aliye Riyadh hawezi kuondoka hivyo. Anahitaji karatasi za kutoka, na anahitaji tikiti.

Kuna mabadiliko. Mwaka wa 2020 Qatar iliondoa sharti la mfanyakazi kupata barua ya mwajiri kabla ya kuhamia kazi nyingine. Saudia nayo ilirahisisha mambo mwaka wa 2021, lakini hatua hizo ziliwaacha nje wafanyakazi wa nyumbani, madereva wa nyumbani, wachungaji na watunza bustani. Hizo ndizo kazi ambazo wengi wa watoto wetu wanapata. Wao wana kanuni zao. Kwa mfano, wanaweza kuomba kuhama bila ruhusa ya mwajiri kama hajalipa mshahara wa miezi mitatu. Lakini ombi hupitia ofisi ya serikali, na linataka ushahidi.

3. Njia tatu za kupoteza kazi

(a) Mkataba umeisha. Kwa kazi za nyumbani mara nyingi ni miaka miwili. Hapa mfanyakazi adai mshahara wote, karatasi ya kutoka na tikiti, kabla iqama haijaisha.

(b) Mwajiri amemkataa. Miezi mitatu ya kwanza ni ya majaribio. Anaweza kurudishwa kwa ajenti wa huko, ahamishiwe nyumba nyingine au arudishwe Kenya. Kuhama ni halali kama jina la mwajiri mpya limeandikwa kwenye kibali. Akihamishwa kwa maneno ya mdomo tu, yuko hatarini.

(c) Ametoka mwenyewe. Mwajiri anaweza kupeleka ripoti ya kutoroka, inayoitwa hurubu. Isiporekebishwa, mfanyakazi anaweza kukamatwa, kuwekwa kizuizini, kurudishwa kwao na kukatazwa kuingia tena. Wakenya walioko huko wanawaita hao waliotoroka na kufanya vibarua "kemboi", kwa jina la mkimbiaji wetu hodari. Wengine hupata pesa zaidi kwa muda. Lakini kemboi akiugua anaogopa hospitali, na akidhulumiwa mshahara anaogopa kushtaki.

Hatumlaumu anayekimbia kipigo au njaa. Uhai kwanza. Tunachosema ni hiki: akimbilie polisi, ofisi ya leba au ubalozi wa Kenya, asikimbilie chumba cha kujificha. Akienda huko kwanza, malalamiko yake yanaandikwa kabla hajaitwa mtoro.

4. Simu ikipigwa usiku

Binti anapiga simu: "Mama, wamenifukuza." Sisi huwa tuna majibu mawili. Kuna anayesema "Vumilia, deni la chama halijaisha." Kuna anayesema "Toka, tafuta kazi kwingine." Yote mawili yanaweza kumwangamiza. Muulize kwanza:

- Uko salama sasa hivi?
- Iqama yako inaisha tarehe gani?
- Pasipoti iko mkononi mwa nani? (Sheria ya Saudia inakataza mwajiri kuizuia.)
- Mwajiri anaitwa nani, na yuko mji gani?

Andika majibu. Asubuhi, mtu mmoja aende kwa ajenti aliyemsafirisha na mwingine kwa ofisi ya leba. Kenya ina ubalozi Riyadh, na tangu 2022 kuna Idara ya Serikali ya Masuala ya Wakenya walio Ng'ambo. Deni la kikundi lingoje. Deni hulipika, mtu akipotea haliponyi kitu.

5. Kabla hajaondoka

- Hakikisha ajenti yumo katika orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya 2016.
- Kwa kazi za nyumbani Saudia, mkataba uwe umesajiliwa katika mtandao wa serikali uitwao Musaned.
- Katibu wa kikundi aweke nakala ya pasipoti, viza, mkataba na simu ya ajenti.
- Msafiri ajue kwamba ada ya iqama ya Saudia ni ya mwajiri. Asikubali ikatwe kwenye mshahara.
- Atume picha ya iqama nyumbani mara tu anapoipata, na aweke ushahidi wa kila mshahara.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Ni watu wangapi wa kikundi chetu wana mtoto ng'ambo? Nani ana nakala ya karatasi zake?
2. Tukimkopesha msafiri, tumwekee muda gani wa neema akipoteza kazi?
3. Aliyerudi mikono mitupu tunampokea namna gani?

KAZI YA KUFANYA: Kabla ya mkutano ujao, kila mwenye mtu ng'ambo ampigie na kumuuliza tarehe ya mwisho ya iqama. Katibu aziandike zote katika kitabu cha kikundi.