Usizibe Ufa Kabla ya Kukusanya Ushahidi

Nyumba uliinunua kiangazi, kuta zikinukia rangi mpya. Masika yanaingia, ufa unajitokeza pembeni mwa dirisha la sebuleni, unashuka kwa mshazari, na mlango wa chumbani haufungi tena. Dalili hizo zikija pamoja, mara nyingi msingi unatitia, hasa penye udongo mweusi wa mfinyanzi, unaovimba kwa mvua na kusinyaa kwa jua.

Tafadhali, usiite fundi wa kuziba. Akishapiga plasta, amefukia ushahidi wako. Piga picha zenye tarehe, rula ikiwa kando ya ufa, kisha mwite mhandisi aliyesajiliwa akague na kuandika ripoti: chanzo ni nini, na ufa ni wa zamani kiasi gani. Kama ukuta unatishia kuanguka, bila shaka watu watoke kwanza.

Umri wa ufa ndio kiini cha madai dhidi ya muuzaji: je, ulikuwepo kabla ya mauzo, naye akaujua? Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, kifungu cha 17, haihesabu ukimya mtupu wa muuzaji kuwa udanganyifu, isipokuwa pale alipokuwa na wajibu wa kusema. Lakini kuficha kwa vitendo jambo analolijua ni udanganyifu. Basi uliza: nani alipaka rangi ile, lini, na kwa agizo la nani? Fundi aliyeziba nyufa wiki mbili kabla ya mauzo ni shahidi mkubwa. Jirani aliyemwona akifanya kazi hiyo pia.

Udanganyifu ukithibitika, kifungu cha 19 kinakuruhusu kuutengua mkataba, au kuushikilia na kudai uwekwe katika hali ambayo ungekuwa nayo kama uliyoambiwa yangekuwa kweli. Aliyenyamaza anaweza kujitetea kwamba ungegundua kwa uangalifu wa kawaida. Aliyefunika ufa kwa makusudi hakuwekewa kinga hiyo.

Madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6, na penye udanganyifu muda huanza pale ulipougundua au ulipopaswa kuugundua. Hata hivyo usikae. Ukipangisha nyumba hiyo huku unajua kasoro yake, mahakama inaweza kuona umeikubali. Mwandikie muuzaji barua ya madai, ambatisha ripoti, na nakala yako isainiwe kuwa imepokelewa. Kama bado unalipa kwa awamu, muone wakili kabla ya kusimamisha malipo. Asiye na uwezo anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017.