MTOTO WA MFUNGWA

Hakimu akihukumu kifungo humtaja mtu mmoja, lakini hukumu hiyo huingia nyumba nzima. Mume hupelekwa Shimo la Tewa, na siku ile ile mke huwa ndiye mama na ndiye baba. Senti chache alizo nazo huzigawa baina ya unga, mahitaji ya shule na nauli ya kwenda kumtazama mumewe. Na aghalabu nauli ndiyo huachwa. Hivyo mazungumzo hukatika, na mtu akifunguliwa huingia nyumbani mwake kama mgeni.

Mtoto naye huonyesha msiba wake kwa vitendo. Mdogo hurudia kukojoa kitandani. Mkubwa huwa mkali, au huikimbia shule kwa kuogopa kuitwa mwana wa mwizi. Binti wa kwanza huachiwa ulezi wa nduguze kabla ya wakati wake.

Na sisi wakubwa huuzidisha msiba. Twamwambia, "Babako amesafiri." Kisha huipata kweli mtaani, kwa kinywa cha mtu asiyemhurumia; hapo humkosa baba, na mama naye hamwamini tena. Lililo bora ni kumwambia kweli kwa kadiri ya umri wake: babako amefungwa, angali akupenda, na kosa si lako.

Akifungwa mama, jambo huwa zito zaidi. Sheria ya Magereza ya Kenya yamruhusu mtoto mchanga kukaa na mamake gerezani mpaka atimize miaka 4, kisha hutolewa. Nani atampokea, ikiwa jamaa wamekwisha kumkana mamake?

Yafaa pia tujue kwamba tangu 1998 iko sheria impayo hakimu uwezo wa kuamuru kazi ya kuutumikia umma mahali pa kifungo kisichozidi miaka 3. Mwenye watoto wamtegemeao na amweleze hakimu hali yake kabla ya hukumu.

Dini yetu haimtwishi mwana dhambi ya mzazi wake. Na katika Surat al-Insan, yatima na mfungwa wametajwa pamoja miongoni mwa wanaolishwa kwa ajili ya Mungu. Mtoto huyu ana sehemu katika hali zote mbili. Basi kumlipia nauli, kumwombea mwalimu amstahi, na kumkaribisha acheze na wanetu, si kulitetea kosa la babake. Ni kumzuia asije akamfuata njia ile ile.