SOMO LETU: Programu ya Kompyuta ya Kubeba Mfukoni



Katika vikundi tulivyotembelea, shida moja imejirudia. Mweka hazina ameandika hesabu kwa kompyuta na kuzihifadhi kwenye flashi. Siku ya mkutano anafika saiba, anachomeka flashi, lo! faili inakataa kufunguka. Kompyuta ya pale haina programu aliyotumia, na mwenye saiba hataki programu ngeni ziwekwe kwa mashine zake. Wanachama wanangoja, mikopo haiwezi kutolewa, na manung'uniko yanaanza: "Pesa zetu ziko wapi?"

Hebu tuone chanzo chake.

Mafiga hayabebeki

Programu ikiwekwa kwenye Windows haikai mahali pamoja. Faili nyingine huingia folda yake, nyingine folda za Windows yenyewe, na mipangilio yake huandikwa katika rejista, yaani daftari kubwa la Windows. Kwa hiyo ukinakili folda moja tu, mara nyingi programu haifanyi kazi. Umebeba sufuria, mafiga umeyaacha jikoni.

Jiko la makaa hubebeka

Ziko programu maalum za kugeuza mafiga kuwa jiko la kubeba. Mojawapo ni ThinApp, ambayo iliitwa Thinstall kabla ya kununuliwa na VMware mwaka 2008. Kazi huenda hivi:

1. Tafuta kompyuta safi, yenye Windows peke yake.
2. ThinApp inakagua na kuandika jinsi faili na rejista zilivyo.
3. Weka programu yako kama kawaida na uipange upendavyo.
4. ThinApp inakagua mara ya pili. Kilichoongezeka au kubadilika ndicho programu yako.
5. Vitu hivyo vinafungwa pamoja, na unaweza kuvinakili kwenye flashi.

Mbona kompyuta iwe safi? Kwa sababu kitu kilichokuwemo tangu mwanzo hakitahesabiwa, hivyo kitaachwa nje. Ukienda kwa mashine isiyo nacho, programu itakwama.

Ukiifungua kwa kompyuta nyingine, programu hudhani imewekwa pale. Ikitaka kuandika kwenye rejista, maandishi yanaelekezwa kwenye folda yake yenyewe. Ni kama jivu linalobaki ndani ya jiko: sakafu ya mwenye nyumba haichafuki.

Njia rahisi kwa kikundi

Si lazima kila kikundi kifanye kazi hiyo. Ziko programu ambazo tayari zimetengenezwa za kubebeka. LibreOffice, kwa mfano, ina toleo la namna hiyo. Haiuzwi, na inaandika barua na hesabu pia. Ukiiweka kwenye flashi pamoja na faili za kikundi, unatembea na ofisi yako mfukoni.

Tahadhari

- Omba ruhusa kwa mwenye kompyuta kwanza. Kompyuta nyingine zimefungwa zisikubali programu yoyote kutoka kwa flashi.
- Programu ya kununuliwa ina leseni. Kuifunga upya hakukupi haki ya kuigawa. Huo ni wizi, hata kama unasaidia jirani.
- Programu za kuendesha vifaa, kama printa, hazifungiki kwa njia hii.
- Flashi hushika virusi na hupotea haraka. Weka nakala ya pili kwa mwanachama mwingine, na daftari la karatasi msilitupe!

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Hesabu zetu zimehifadhiwa mahali pangapi? Mweka hazina akiugua leo, nani mwingine anaweza kuzifungua?
2. Programu tunayotumia tuliipata kwa njia ya haki?
3. Nani atajaribu flashi yetu kwa kompyuta nyingine kabla ya mkutano ujao?

Jaribuni mapema, wapendwa. Jiko haliwashwi wageni wakiwa wameshaketi mezani.