Somo: Mali ya Tippu Tip na Deni Lisiloulizwa

Wazee wa Kasongo na Kabambare walilijua sana jina la Tippu Tip. Jina lake hasa ni Hamed bin Muhammed, naye alizaliwa Unguja karibu na mwaka 1837. Tuangalie mali yake ilivyoingia na ilivyotoka.

1. Alivyopanda. Alifika Kasongo katika miaka ya 1870, pamoja na watu wengi wenye bunduki. Pembe za ndovu alizinunua, tena alizitoza na kuziteka vitani. Pembe hutaka mabega ya kuzichukua. Basi watu nao walitekwa, wakapitishwa njia ya Kabambare mpaka Ujiji. Mwaka 1887 Leopold II, mfalme wa Wabelgiji, alimfanya liwali wa Stanley Falls, ndiyo Kisangani.

2. Alivyoshuka. Mwaka ule ule aliahidi kumpatia Stanley wapagazi 600. Walikuja kama 400 tu, tena baada ya miezi mingi. Mwaka 1889 Stanley akamshtaki Unguja katika korti ya balozi wa Waingereza, na fedha zake zilizowekwa kwa tajiri Mhindi zikazuiwa. Mwaka 1890 Tippu Tip akaondoka kwenda kujibu, asirudi Kongo tena. Mashtaka yaliondolewa, lakini huku nyuma vita viliwaka: mwaka 1893 Kasongo ikatwaliwa, na mwanawe Sefu akauawa. Kisha Rumaliza, mshirika wake wa zamani, akamshtaki mbele ya Wadachi, akashinda.

3. Neno la kushika. Katika mashtaka yote mawili wenye mali waligombania mapatano na mali. Waliotekwa hawakuitwa, wala hakimu hakuuliza habari zao. Nayo Dola ya Kongo, iliyoitwaa Kasongo, iliwatoza watu pembe na mpira kwa nguvu. Tippu Tip alikufa Unguja mwaka 1905, angali na mashamba. Deni lile halikulipwa.

Basi tusidhani kwamba neno lisilofika barazani limekwisha. Aliyemlimisha jirani bila ujira, au aliyesogeza mpaka wa shamba la mjane, ana deni, hata pasipo shahidi.

Maswali

Je, mali isiyoshtakiwa ni halali?
— La. Iliyopatikana kwa dhuluma ni ya mwenyewe aliyedhulumiwa.

Je, yatosha kujuta?
— Haitoshi. Aliyetwaa arudishe.

Na mwenyewe akiwa amekufa?
— Warudishiwe watoto wake.