Homa za Moshi Zinamhitaji na Bwana Mifugo

Kati ya mwaka 2007 na 2008, watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa na homa katika hospitali mbili za Moshi, KCMC na Mawenzi. Sita katika kila kumi waliandikiwa malaria walipopokelewa. Maabara ilipomaliza kazi yake, malaria ilithibitika kwa wagonjwa 14 tu. Wengine 118 walikutwa na magonjwa ya bakteria yanayotoka kwa wanyama: leptospirosi, homa ya Q, brusela na homa za kupe.

Ukiwa mwanafunzi wa udaktari mjini Moshi, takwimu hizo zinakuhusu moja kwa moja. Zinaonyesha kwamba mtu mwenye taarifa unazozihitaji huenda hayumo wodini kabisa. Yuko ofisi ya kata, ana pikipiki na buti za mpira, na anajua ni kaya zipi ng'ombe wametupa mimba tangu masika. Huyo ni afisa mifugo, ambaye kijijini wanamwita bwana mifugo hata akiwa mwanamke.

Mtafute mapema, kabla hujaandika hata swali moja la dodoso la utafiti wako wa vijijini. Hapa ndipo wanafunzi wengi wanapoteleza: maswali yanatungwa bwenini, yanachapwa, kisha bwana mifugo anaombwa awaonyeshe njia tu. Mtu aliyefanywa kiongozi wa njia hatakuambia anayoyajua. Kaa naye, muulize anaona nini mazizini, maziwa ya kata yake yanaenda wapi, nani huchinja bila ukaguzi. Muulize pia kuhusu afya yake mwenyewe. Anayevuta ndama aliyekwama na kuondoa kondo la nyuma kwa mikono mitupu ni miongoni mwa watu wa kwanza kuambukizwa brusela na homa ya Q, na mara nyingi hakuna daktari aliyewahi kumuuliza. Ukienda kwake, beba glovu ndefu za kumwachia.

Barua zako za utambulisho zipitie kwa mganga mkuu wa wilaya, kisha mtendaji wa kata na mwenyekiti wa kijiji. Usiliruke hilo hata kama mwenyeji wako anasema si lazima.

Halafu chagua saa. Ukipanda Uru, Kibosho au Marangu saa nne asubuhi, akina mama wengi wako shambani, sokoni, au wameteremka tambarare kukata majani ya mifugo. Nenda jioni, wakati wa kukamua. Kihambani, yaani kwenye shamba la migomba linalozunguka nyumba, zizi liko hatua chache kutoka jikoni, chini ya migomba ileile, na kwa nusu saa utaona mambo ambayo dodoso haliyaulizi: nani anakamua, ndoo inaoshwa kwa maji gani, mtoto anapewa kikombe kabla maziwa hayajachemka, mtindi unagandishwa kwa maziwa mabichi, mikojo ya ng'ombe inatiririka kuelekea mfereji. Mwachie bwana mifugo azungumze kuhusu ng'ombe, nawe uzungumze kuhusu watu. Mhudumu wa afya wa kitongoji awe pamoja nanyi, kwa sababu kwa bibi mwenye umri mkubwa Kiswahili chako kinaweza kisitoshe, na Kichaga cha Machame si cha Rombo. Shikamoo yako itangulie kalamu.

Wodini nako kuna kazi. Kwa kila mgonjwa wa homa ambaye kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, ongeza maswali ya mifugo kwenye historia: anafuga nini, kuna mnyama aliyetupa mimba karibuni, nani alilishika lile kondo, anakunywa maziwa ya namna gani, panya wako wapi. Majibu yapeleke kwa mtaalamu wa maabara kwa mdomo, usiishie kujaza fomu, kwa sababu yeye ndiye atakayekuambia kipimo kipi kinapatikana na kinaweza kudanganya vipi. Jambo hili lina uzito wa matibabu. Brusela inahitaji dawa zaidi ya moja kwa wiki sita hivi, kwa kawaida doksisaiklini pamoja na nyingine. Mgonjwa aliyepewa sindano za siku chache kwa jina la taifodi atapata nafuu, ataruhusiwa, na maumivu ya viungo yatamrudisha.

Kufikisha ujumbe wa kujikinga na magonjwa haya kwa kaya nyingi, usitegemee mikutano ya hadhara peke yake. Mkoa huu una mizizi mirefu ya ushirika, na mjini Moshi kuna chuo kikuu kizima cha fani hiyo. Mwanafunzi wa huko anaelewa bei, mikopo na vikao vya wanachama kuliko wewe. Nendeni pamoja kwenye vyama vya maziwa, kama kile cha wanawake wa Nronga, Hai, kilichoanza mwaka 1988. Palipo na kituo cha kukusanyia maziwa, wafugaji wanakuja wenyewe, na suala la usafi wa ndoo linagusa mfuko wao pamoja na afya.

Gumu kuliko yote ni siku kipimo cha ng'ombe kitakapoonyesha brusela. Huyo ng'ombe ni ada ya shule na samadi ya migomba. Usitangaze matokeo uani mbele ya majirani, wala usiahidi fidia ambayo huna. Kabla ya kuchukua sampuli yoyote, mkubaliane na bwana mifugo nani ataleta majibu, atamweleza nini mwenye mali, ng'ombe atatengwa wapi wakati wa kuzaa, kondo litachomwa au kufukiwa na nani, na familia itachemshaje maziwa kuanzia jioni hiyohiyo. Makubaliano yakikosekana, sampuli isichukuliwe bado.